Nani Hupanga Umri wa Kompyuta Mpakato?

Kompyuta mbili zilikuwa mezani, zimefunguliwa, na kwa haraka usingeweza kuzitofautisha. Kampuni moja, umbo moja, kioo cha inchi 14, RAM ya GB 8, SSD ya GB 256. Mdogo wangu alikuwa anatafuta kompyuta iliyotumika ya kumtosha kwa masomo na kazi ndogondogo za uhasibu, na muuzaji alikuwa amemwachia zote mbili azikague kabla ya kuamua. Tofauti ilikuwa kwenye mstari mmoja tu wa sifa za mashine: moja ilikuwa na prosesa ya Intel Core i5-7200U, nyingine Core i5-8250U.

Nilimwambia achukue yenye 8250U, kwa sababu ile nyingine haimo katika orodha ya Windows 11, na Windows 10 imekwisha kuachwa.

"Sasa dada, hii nyingine ina ubovu gani?"

Haikuwa na ubovu wowote. Iliwaka haraka, kibodi yake ilikuwa nzima, na betri yake ilikuwa na nguvu kuliko ya mwenzake. Nilimjibu kwamba ni suala la masasisho, naye akaridhika. Mimi sikuridhika. Kwa wiki kadhaa jibu hilo lilinisumbua, maana lilieleza kinachotokea bila kugusa sababu ya kutokea kwake.

## Tarakimu moja

Core i5-7200U ilitoka mwaka 2016, na i5-8250U ikafuata Agosti 2017. Kwa haki ni lazima niseme kwamba hazilingani kabisa: ya kwanza ina kore (vitengo vya kuchakata) mbili, ya pili ina nne, na anayefungua faili zito ataiona tofauti. Lakini ukisoma masharti ya Windows 11 yaliyoandikwa, hakuna linalodai kore nne. Yanataka prosesa ya biti 64 yenye GHz 1 na kore mbili, RAM ya GB 4, hifadhi ya GB 64, uwezo wa kuwaka kwa njia ya Secure Boot (kinga inayozuia programu isiyoidhinishwa kuanza wakati mashine inawaka), na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Ile mashine isiyotakiwa ilitimiza yote hayo. Hata TPM 2.0 ilikuwamo, na si ajabu, kwa kuwa tangu Julai 2016 Microsoft yenyewe iliwataka watengenezaji waiweke katika kompyuta mpya.

Kilichoikataa ni orodha.

Zaidi ya masharti ya jumla, Microsoft huchapisha orodha ya prosesa zinazokubaliwa, na kwa upande wa Intel orodha hiyo, ukiacha vighairi vichache, huanzia kizazi cha nane, yaani zile ambazo namba yake, kama 8250U, huanza na 8; 7200U ni ya kizazi cha saba. Ndani yake imo Celeron N4000, prosesa ya kompyuta za bei ya chini yenye kore mbili, ambayo kwa kasi haiifikii hata kidogo ile 7200U. Kwa hiyo anayedhani kwamba mashine za zamani huachwa kwa sababu ni za polepole, ajue kwamba kasi haikuwa kipimo. Hapa ndipo nilipoanza kuvutiwa na jambo hili kwa dhati, kwa sababu sababu rahisi ilikuwa imeanguka na sikuwa na nyingine ya kuiweka mahali pake.

## Siku ambayo hakuna kilichozimika

Tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipomaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 baada ya miaka kumi na kidogo, hakuna kompyuta iliyozimika. Kesho yake zote ziliwaka, barua zikaandikwa, filamu zikatazamwa. Ugumu wa kumweleza mtu uko hapo: hasara yenyewe haionekani kwenye kioo.

Watu wengi hudhani kwamba mfumo ulioachwa hubaki ulivyokuwa siku ulipoachwa, yaani kama ulikuwa salama jana utakuwa salama vilevile mwakani. Sivyo. Windows 10 na Windows 11 zinatumia sehemu kubwa ya msimbo mmoja. Kila Jumanne ya pili ya mwezi Microsoft inapotoa viraka vya usalama vya mfumo mpya, mdukuzi anaweza kuchukua faili la kabla ya kiraka na la baada ya kiraka, akayalinganisha, na kuona ni mstari gani uliobadilishwa. Akishauona, kazi inayobaki ni kuangalia kama mstari huohuo, ukiwa na kasoro ileile, bado umo katika mfumo wa zamani ambao hakuna anayeurekebisha tena. Kila kiraka kinachomkinga mwenye mashine mpya kinamwonyesha adui mahali pa kumpiga mwenye mashine kuukuu, na mwezi baada ya mwezi mianya iliyo wazi huongezeka badala ya kubaki palepale.

Tukio la WannaCry la mwaka 2017 hutajwa kila mara katika mjadala huu, na mara nyingi hutajwa nusu. Kiraka cha mwanya uliotumiwa kilitolewa Machi 14. Kirusi kikaanza kusambaa Mei 12, kikafunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Nyingi kati ya zilizoathirika zilikuwa na Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado inahudumiwa. Wenyewe tu hawakuwa wameweka kiraka. Nusu isiyotajwa sana ni kwamba siku chache hizohizo Microsoft ilitoa kiraka hata kwa Windows XP, mfumo iliokuwa imeuacha tangu Aprili 2014.

Maana yake ni kwamba kuuacha mfumo si kushindwa kuuhudumia.

## Miaka inahesabiwa tangu lini?

Mnunuzi huanza kuhesabu umri wa kompyuta siku anapofungua boksi. Mwenye mfumo huanza kuhesabu mapema zaidi, na pengo lililo kati ya hesabu hizo mbili hulipwa na mnunuzi.

Chromebook, kompyuta mpakato zinazotumia mfumo wa Google, ndizo zenye utaratibu ulio wazi kuliko nyingine. Septemba 2023 Google ilitangaza kwamba zile zinazotokana na majukwaa (miundo ya msingi ya ndani ambayo modeli kadhaa huweza kushiriki) yaliyotolewa kuanzia mwaka 2021 zitapata masasisho kwa miaka 10, na tarehe ya mwisho ya kila modeli inaweza kusomwa na yeyote. Ni ahadi nzuri na ninaisifu bila kusitasita. Ila miaka hiyo kumi haianzi siku unapolipa. Inaanza siku jukwaa la kifaa lilipotolewa. Mtu akinunua kompyuta mpya kabisa, ikiwa bado na nailoni yake, iliyokaa ghalani miaka mitatu, atakuwa amenunua miaka saba.

Apple haiandiki ahadi ya namna hiyo. Watumiaji wake wamejifunza kwa mazoea kwamba toleo la karibuni la mfumo hupata kila kitu na mawili yaliyotangulia hupata viraka vya usalama, lakini ni mazoea tu, na hakuna anayeweza kuyashika mkononi na kudai haki yake. MacBook Air yenye prosesa ya Intel ilitoka Machi 2020. Novemba mwaka huohuo ikatoka MacBook Air ya chipu ya M1, yenye umbo karibu lilelile. Septemba 2025 macOS Tahoe ilipokuja, ile ya Novemba ilipokelewa na ile ya Machi ikaachwa nje. Na Apple imeshasema kwamba Tahoe ndilo toleo la mwisho kwa Mac yoyote yenye Intel. Walionunua ile ya kwanza ilipotoka hawakuambiwa walipokuwa wakilipa kwamba ndugu yake alikuwa njiani. Kampuni itajibu, na si bila haki, kwamba hakuna mfanyabiashara anayetangaza bidhaa yake ya kesho huku ya leo ikiwa rafuni. Bado, aliyenunua ndiye aliyebeba mzigo.

Kwa Windows hesabu ni ya aina ya tatu: umri ni wa toleo la mfumo, halafu kila toleo jipya huamua ni mashine zipi litazibeba. XP ilidumu tangu Oktoba 2001 hadi Aprili 2014, Windows 7 tangu Oktoba 2009 hadi Januari 2020. Kwa miaka mingi utaratibu huo haukumwumiza mwenye kompyuta, kwa sababu aliyekuwa na toleo la zamani aliweza mara nyingi kuhamia jipya kwa mashine ileile, mradi alivumilia kasi ndogo. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, ndiyo iliyofunga mlango huo kwa orodha.

## Mashaka yangu, pande zote mbili

Hapa nilitaka sana kuandika kwamba yote ni ulafi, nimalize. Nilipochimba zaidi nikakuta kwamba sababu za kiufundi zipo, na si za kubuni.

Windows 11 imejengwa ikitegemea ulinzi unaotenga kiini cha mfumo na msimbo usioaminika. Ili ulinzi huo ufanye kazi bila kuichosha mashine, prosesa inahitaji uwezo unaoitwa MBEC; zisizo nao huigiza kazi hiyo kwa programu, na kasi hushuka. Zaidi ya hayo, Agosti 2021 Microsoft ilieleza kwamba katika majaribio yake mashine zisizotimiza masharti zilipatwa na asilimia 52 zaidi ya yale maanguko ya kiini yanayoifanya kompyuta isimame kabisa. Siwezi kuidharau hoja hiyo. Anayetengeneza mfumo unaotumiwa na mamia ya mamilioni ya watu hulazimika kuupima kwa kila mchanganyiko wa prosesa, draiva (programu zinazoendesha vifaa vya mashine) na BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine), na kila kizazi kinachobaki kwenye orodha kinazidisha kazi hiyo.

Kisha nikarudi kwenye tarakimu ile. Kwa Intel, uwezo wa MBEC ulianza na familia ya prosesa iitwayo Kaby Lake. Core i5-7200U ni Kaby Lake. Core i5-8250U ni Kaby Lake iliyofanyiwa marekebisho na kuongezewa kore. Kwa hoja hii ya ulinzi, zote mbili ziko upande mmoja wa mstari, ilhali orodha imezitenganisha.

Na kuna prosesa moja ya kizazi cha saba, Core i7-7820HQ, iliyoongezwa kwenye orodha kwa mashine chache mahususi. Mojawapo ya mashine hizo ni Surface Studio 2, kompyuta ya Microsoft yenyewe. Maelezo rasmi yalihusu aina ya draiva zilizotumika, na huenda yanatosha kwa mhandisi. Mimi nilipoyasoma nilicheka peke yangu.

Jambo lililonigeuza kabisa, hata hivyo, lilikuwa kugundua kwamba viraka vya Windows 10 havijakoma kuandikwa. Toleo lake la mashirika linaloitwa Enterprise LTSC 2021 linahudumiwa hadi Januari 2027, na lile la vifaa maalumu, IoT Enterprise LTSC 2021, hadi Januari 2032. Wenye kompyuta za kawaida waliuziwa mwaka mmoja wa nyongeza, hadi Oktoba 2026, kwa dola 30 za Marekani au bure kwa anayekubali kuunganisha mipangilio yake na akaunti ya Microsoft; makampuni nayo yakapewa hadi miaka mitatu, kwa dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, bei ikiongezeka maradufu kila mwaka. Kazi ya kutafuta mwanya, kuandika kiraka na kukipima inaendelea kufanyika kwa gharama ambayo tayari inalipwa na wengine. Swali lililobaki ni nani anaruhusiwa kukipokea.

Ndiyo maana nasema kwamba umri wa kompyuta mpakato hupangwa kwa uamuzi wa kibiashara unaosaidiwa na sababu za kihandisi, na uzito wa moja dhidi ya nyingine hubadilika kutoka mashine hadi mashine. Kwa kompyuta ya mwaka 2009 isiyo na TPM, sababu za kihandisi zina nguvu. Kwa mashine zilizo jirani na mstari sioni cha kuitetea Microsoft nacho.

## Linux nayo ina mipaka yake

Wasomaji wangu wa kawaida wameshaanza kuandika maoni: weka Linux, mfumo endeshi huria. Nakubali, na mimi mwenyewe hushauri hivyo. Ubuntu, mojawapo ya aina za Linux, katika matoleo yake ya muda mrefu huhudumiwa kwa miaka 5, na anayejisajili kwa Ubuntu Pro, ambayo ni bure kwa mtu binafsi hadi mashine tano, hufikisha 10. Prosesa ya kizazi cha saba kwake ni ya jana tu. Hata Debian 13, aina nyingine ya Linux, iliyotoka Agosti 2025 na kuacha kuzipokea mashine za biti 32 kama jukwaa kamili, imeacha vitu ambavyo wengi hawajaviona mezani kwa muda mrefu.

Ila mfumo endeshi ni tabaka moja tu. Chini yake kuna BIOS, na ndani ya prosesa kuna maelekezo madogo ambayo Intel na AMD pekee ndio wanaoweza kuyarekebisha. Mianya ya Spectre na Meltdown ilipotangazwa Januari 2018, sehemu ya tiba ilibidi itoke huko chini, na miezi michache baadaye Intel ilitangaza kwamba baadhi ya familia za zamani za prosesa hazitapata marekebisho hayo. Linux iliweza kuziba sehemu kwa upande wake. Kilichobaki hakuna wa kukiziba.

Mfano wa karibuni zaidi ni vyeti vya Secure Boot. Vile vya awali vilitolewa mwaka 2011 na vinaisha muda kuanzia Juni 2026. Kompyuta haitagoma kuwaka kwa sababu hiyo, lakini isiyopokea vyeti vipya haitaweza kupata baadhi ya marekebisho ya hatua za kwanza za kuwaka, na katika mashine nyingine kuvipokea vizuri kunahitaji BIOS mpya kutoka kwa mtengenezaji. Hapo ndipo unapoukuta umri mwingine, ambao mara nyingi hautangazwi: miaka ambayo mtengenezaji wa kompyuta yenyewe ataendelea kujali modeli yako. Ukitaka kuujua, fungua ukurasa wa modeli hiyo kwenye tovuti yake na usome tarehe ya BIOS ya mwisho. Mara nyingi utakuta ilikoma miaka kadhaa kabla ya mfumo endeshi kukoma.

Kuna na kivinjari. Mimi ningemwambia mtu akiangalie hicho kwanza, kwa sababu ndicho kinachokutana na hatari kila siku. Chrome iliendelea kuihudumia Windows 7 kwa miaka mitatu baada ya mfumo huo kuachwa, ikakomea toleo la 109 mwanzoni mwa 2023. Kwa Windows 10, Microsoft imesema kivinjari cha Edge kitapata masasisho hadi angalau Oktoba 2028. Huo ni muda wa kupumua, lakini mlango ukiwa imara na ukuta una ufa, aliyekwisha kuingia ndani atautafuta ufa.

## Kuandika mwezi na mwaka

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 kuhusu taka za kielektroniki inasema kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo, na chini ya robo ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Sidai kwamba kompyuta mpakato ndizo zilizojaza lundo hilo; friji na mashine za kufulia zina uzito wake. Ninachodai ni kidogo zaidi: anayenunua aambiwe.

Umoja wa Ulaya umeanza kulidai hilo kisheria. Kanuni yake ya mwaka 2024 kuhusu usalama wa bidhaa za kidijitali, ambayo masharti yake makuu yataanza kutumika Desemba 11, 2027, inamtaka mtengenezaji aihudumie bidhaa kwa muda usiopungua miaka 5, isipokuwa kama bidhaa yenyewe haitarajiwi kutumika muda wote huo. Kila kiraka kilichotolewa kinapaswa kubaki kinapatikana kwa angalau miaka 10. Na kipengele nilichokisoma mara mbili: tarehe ya mwisho wa huduma, kwa uchache mwezi na mwaka, ionekane wazi wakati wa kununua.

Mwezi na mwaka. Si "kwa kipindi kinachofaa", si "kulingana na sera zetu".

Miaka 5 naiona michache kwa kompyuta mpakato, kifaa ambacho kikitunzwa vizuri na kubadilishwa betri hufika miaka kumi bila shida, na nahofu kwamba wapo watakaoigeuza kima cha chini kuwa kima cha juu. Hata hivyo tarehe iliyoandikwa inaweza kulinganishwa na ya jirani yake rafuni, na kampuni inayotoa miaka minane italazimika kuonekana bora kuliko inayotoa mitano, jambo ambalo leo ni gumu kwa kuwa mara nyingi mnunuzi hajui nani anatoa mingapi. Kwa jumla kanuni hiyo haizigusi mashine zilizokwisha kuingia sokoni kabla ya tarehe yake ya kuanza, wala haimlazimu mtu binafsi anayeuza kompyuta yake kuukuu. Huko mnunuzi atabaki akifanya alichofanya sikuzote: kusoma namba ya prosesa, kutafuta mwaka ilipotoka, kukagua tarehe ya BIOS, na kujumlisha mwenyewe.